Kusubiri Miaka Sitini na Mitano

Montana, Marekani, 12 Septemba

Mwanangu Janelle,

Habari za Saskatchewan? Mumeo Garth na watoto hawajambo? Mimi mzima, nashukuru, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba kuchomelea vyuma miaka arobaini si mchezo. Ngano imeshavunwa, na mashine zote zilizovunjika wameniletea mimi.

Nimesimamisha bango getini: HAPANA KWA KODI YA MATIBABU. Novemba tunapiga kura kama kodi iongezwe ili kila mtu atibiwe bure. Bure! Nyinyi huko Kanada mnaita bure, halafu mnapanga foleni mpaka ugonjwa unachoka wenyewe. Usinikasirikie, nakutania.

Jambo jingine dogo. Tangu Agosti mkojo wangu una rangi ya kutu. Hauniumi. Bima yangu haitoi hata senti mpaka kwanza nitoe mwenyewe dola elfu tisa, kwa hiyo nitavumilia. Februari nafikisha sitini na mitano, naingia kwenye bima ya serikali ya wazee. Nitakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Baba yako

Saskatchewan, 23 Septemba

Baba,

Sisi hatujambo. Mjukuu wako Toby ameng'oka jino. Lakini barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, na chakula kimeungua.

Hiyo si kutu, Baba, ni damu! Bango umeliandikia aya nzima, halafu damu unaiweka mwishoni kama salamu za jirani. Nenda kesho.

Na nikuulize, maana sielewi: hiyo bima ya wazee unayoisubiri inalipwa na nani? Si kodi hizohizo? Mimi huku ningeamka, ningekwenda, ningerudi, na hakuna wa kuniuliza nina nini mfukoni.

Mwanao Janelle

Montana, 7 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi kwenu. Pole kwa chakula.

Ile bima nimeichangia tangu nina miaka kumi na sita, kila mshahara walinikata. Ni haki yangu, si msaada. Nilimwambia hivyo Arlys, jirani yangu, akaniuliza, “Na hao watakaokatwa sasa, yao tuiteje?” Nikamwambia, “Arlys, hebu kula keki yako.” Lakini nilirudi nyumbani nikaling'oa bango. Jioni nikalirudisha. Jana nimeling'oa tena. Wapita njia watadhani nimerukwa na akili.

Karatasi ya kura imeletwa na posta, ipo hapa mezani. Naitazama, inanitazama.

Halafu Garth kanipigia kuulizia springi za trela, akaropoka kwamba unatembea na fimbo, na huu ni mwezi wa kumi na nne unasubiri kubadilishiwa nyonga. Kumi na nne, Janelle! Mbona ulinificha?

Baba yako

Saskatchewan, 19 Oktoba

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeshaonana na daktari.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utanicheka. Nisamehe. Ni kweli nasubiri, na nikipanda ngazi machozi yanatoka. Lakini Toby alipozaliwa kabla ya siku zake, akalazwa wiki saba, tulirudi naye nyumbani bila karatasi ya mtu yeyote wa kutudai. Yote mawili yamenipata mimi huyuhuyu, kwenye hospitali ileile. Nikianza kubishana nawe, nyonga inanikatiza; nikitaka kukukubalia, namwona Toby anakimbia uani.

Kuhusu kura sijui tena nikwambie nini. Weka alama unapotaka. Ila damu haina chama, Baba. Nenda sasa, tutachanga hizo dola, Garth keshakubali. Niahidi.

Mwanao Janelle

Saskatchewan, 2 Desemba

Baba,

Hujambo? Wiki sita kimya, na simu yako inaita tu. Nimesikia hapana imeshinda. Sijali. Nimempigia Arlys, anasema upo karakana unachomelea kama kawaida, lakini umekonda, suruali umeifunga kwa kamba.

Ulikwenda au hukwenda? Niandikie neno moja tu.

Janelle wako

Montana, 21 Februari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini nyote mko salama. Sikukujibu kwa sababu ningelazimika kukwambia sikwenda. Pesa za Garth sikuzitaka. Na kura nilipiga ya hapana. Nilikaa na ile karatasi siku tisa, mwisho nikaweka alama pale ambapo mkono umezoea.

Bima ilipoanza, nilikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Daktari ni mwanamke wa rika lako. Ni saratani ya kibofu, na imeshapenya ndani. Anasema ningekwenda Agosti, wangeikwangua nikarudi nyumbani siku ileile. Sasa wanakitoa kibofu chote, tarehe kumi na moja Machi, na baada ya hapo hawezi kuniahidi kitu.

Akaniuliza kwa nini nilikaa miezi sita. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba nilikuwa nasubiri kufikisha sitini na mitano. Nilidhani atanifokea. Hakuinua hata macho, aliendelea kuandika. Akasema mimi ni wa tatu mwezi huu.

Watatu, Janelle, katika kaunti ndogo kama hii. Wenzangu hao huenda nawafahamu, huenda mashine zao nimezichomelea mimi. Na kumbe kila mmoja alijiona mjanja peke yake. Nimechanganyikiwa, sijui nimkasirikie nani. Naogopa, mwanangu. Njoo.

Baba yako