Wimbo wa Bafuni

Mdogo wangu kipenzi,

Sote wazima. Cherehani yangu imepona, na shemeji yako bado anakoroma kama trekta.

Kila mwezi, hedhi ikiisha, hujipapasa matiti bafuni kutafuta uvimbe, huku nikiimba, nisiogope. Juzi vidole viligusa kitu kigumu kama kifungo. Wimbo ukakatika. Shemeji yako akagonga mlango: "Mama watoto, mbona kimya?"

Tulikwenda hospitali wakapima. Si saratani! Nilimkumbatia daktari, miwani ikamdondoka.

Siku hizi nikiimba, mume wangu anaitikia nje ya mlango kwa sauti ya msumeno. Majirani wamekoma.

Nawe unayeogopa kujipapasa, imba. Wimbo ukikatika, niite. Nitakuja kugonga mlango.

Dada yako,
fundi wa magauni