Kando ya Walter

Nyalenda, Jumapili

Dada Rachael,

Habari za Nakuru? Sisi tuko, Mungu ametushikilia. Ule mpira wa kutoa maji kwenye kidonda umeondolewa, na sasa mkono wangu unafika kwa kamba ya nguo. Dolphine wa jirani ananiletea dagaa za omena kutoka ufuo wa Dunga. Anazikaanga kukushinda, usikasirike.

Umeuliza tena kama nitahamia kwako nikimaliza matibabu. Ngoja nikuambie kitu. Siku ya upasuaji, mama mkwe alikuja hospitalini akaomba apewe titi langu lililokatwa. Alisema mtu wa boma lake hazikwi nusu. Nilipoamka vizuri, alikuwa ameshalipeleka nyumbani kwake Kisian na kulizika kando ya kaburi la mume wangu Walter. Mahali hapo sasa hapandi hata mboga. Ameacha nafasi ya kunitosha.

Tangu hapo titi nisilokuwa nalo linaniwasha. Daktari anasema ni kawaida, mishipa haijajua kwamba limeondoka. Sawa. Lakini mvua ikinyesha Kisian, na huku kwetu kuna jua, upande huo wa kifua unapata baridi.

Jana mama mkwe alipiga simu akauliza kama linaniwasha. Nilikuwa sijamwambia. Nikajibu, "Ndiyo, mama, hasa nikilala."

Akacheka kwa upole, kama mzazi aliyeletewa habari njema za mtoto wake.

"Mwache tu Walter," akasema. "Amekungoja sana."

Usinitandikie kitanda bado.

Mdogo wako,
Dorca