Penalti Juu ya Barafu

Shikamoo dada Zaituni,

Huku Moshi nafurahi mno! Leo asubuhi Bibi Harjit, mwenye nyumba wetu hapa Majengo, aliniita chai tumtazame kwenye televisheni mjukuu wake wa kike, golikipa wa mpira wa magongo wa barafuni huko Kanada. Timu yake na wapinzani wakatoka sare, muda wa nyongeza ukaisha bila bao, zikaja penalti.

"Si haki!" bibi akafoka. "Wamecheza wote, lawama aibebe mjukuu wangu peke yake? Waendelee mpaka mmoja afunge!"

Binti akazuia ya mwisho. Wameshinda! Nikaruka, lakini bibi alikuwa analia. "Angefungwa, nani angemfuta machozi kule?"

Dada, nami sasa sizitaki penalti.

Nawakumbuka sana, nibusie wanangu.

Mdogo wako, Mwanaidi