Neno la Kwanza la Ersilia

Baile na Leac,
Donegal, Ayalandi.
9 Machi 1991

Mpendwa mwanangu Loredana,

Barua iliyomkataa mama yako Ersilia mwaka 1953 niliiandika mimi. Bibi yako hakuwa na habari nayo. Nimelitanguliza hili kabla ya salamu kwa kuwa kifua kinanibana, na nisingependa kufa nikiwa bado nakuuliza hali.

Sasa nakusalimu. U mzima? Watoto hawajambo huko Bari? Mimi nakohoa tu, nimekaa karibu na moto.

Katika kadi ya Krismasi uliniuliza kwa nini bibi yako hakuwataka wewe na mama yako. Mwanangu, aliwataka mno. Mama hakujua kusoma wala Kiingereza, hivyo mimi, mwalimu, ndiye niliyemsomea barua za Kiingereza za Ersilia jikoni, mbele ya majirani, nikizitafsiri kwa Kigaeli. Neno moja tu sikulitafsiri. Mama yako alianza kila barua kwa neno Cara, yaani "mpendwa" kwa Kiitaliano. Kwetu neno hilohilo ni "rafiki", na mama alilipokea hivyo, akafurahi.

"Mkwe anakuita rafiki, Gráinne!" jirani yetu Sorcha alimtania. "Ngoja aje akuone ukinuna!"

"Nyamaza wewe. Wako anakuitaje?"

"Haniiti kabisa, shoga yangu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nyumba hii baba alimwachia ndugu yangu Manus, baba yako. Manus alipofariki huko Bari, Ersilia aliomba kuja kuishi nasi pamoja nawe, mtoto wa miaka miwili. Nyumba ingekuwa yako. Niliiruka sehemu hiyo nilipokuwa nasoma, kisha nikajibu kwa jina la mama kwamba hapana nafasi.

Barua zikakoma. Kila alipopita mtu wa posta, mama aliuliza kama mkwe wake ameandika. Nilichoka kuulizwa.

Msalimie mumeo Ruggero na watoto. Mungu akutunze kuliko nilivyokutunza mimi. Salamu za shangazi yako Bríd siwezi kukuletea, na sababu ni hii.

Nilimwambia mama kwamba homa imewaua wote wawili, wewe na Ersilia. Hapa kila Novemba tunaandika majina ya marehemu wetu, padri ayaombee madhabahuni. Mama aliniambia niliandike lako, nikaliandika. Yeye alifariki mwaka 1960. Orodha bado naiandika mimi, Bríd huipeleka kanisani, na ili asiniulize kwa nini halimo, Novemba iliyopita nililiandika tena jina lako.

Baba yako mkubwa, akupendaye kwa aibu,
Eunan