Hodi ya Nne

4 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepoa na pasi bado inakutii. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi cha baridi kisichotaka kuniaga.

Najua ni miaka saba, na nayakumbuka maneno uliyoniambia siku naondoka. Siandiki ili tubishane. Ndani ya mzigo huu kuna tableti, waya wake, na miwani mipya ya kusomea. Ndani ya tableti kuna gemu. Usiitupe kwanza! Ndiyo kazi niliyoikimbilia huku. Tuko watu kumi na wanne katika chumba kimoja, kila mtu na skrini yake. Mwingine anachora mito, mwingine mapanga, mimi nimepewa kijiji cha msituni. Kijiji chenyewe kimelogwa. Watu wake wamesimama kama sanamu, na anayecheza ni msafiri, anapita akiwaamsha mmoja mmoja. Mwisho wa kijiji kuna nyumba ambayo mlango wake haufunguki. Huo mlango nimeshindwa kuumaliza. Mkuu wetu wa kazi anataka ufunguke kabla ya mwezi wa nane, gemu litoke.

Ingia utembee, Bibi, kisha uniambie nimekosea wapi. Sijaona mtu anayejua kukosoa kama wewe.

Mjukuu wako,
Kidole

2 Machi

Kidole,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti ni yangu, niachie mwenyewe. Hicho kikohozi ni kwa sababu hufuniki kifua, na najua hufuniki kwa sababu hukuwahi kufunika. Kunywa maji ya moto.

Naandika kwa mkono wangu, sijamtuma mtu. Madarasa manne niliyosoma yanatosha kukusema. Na simu usinitumie, siitaki. Neno la simu huwezi kulikunja ukaliweka kabatini.

Miwani imenikaa vizuri. Tableti nilitaka niifanye ya kuwekea pasi ikiwa na mkaa, akanizuia nesi. Nesi ni mpangaji wangu, amechukua chumba chako. Usinune, chumba hakiwezi kukaa kinakungoja wewe. Ndiye aliyenionyesha pa kugusa.

Basi nikaingia huo msitu. Hatua tatu tu, miti imeziba njia. Nesi akachukua panga la humo kwenye gemu, akakata asubuhi nzima, na kila akikata miti inaongezeka. Nikamwambia, unakataje miti ya watu hata hujaisalimia? Nikagusa kile kimkono cha kutoa salamu, kilichochorwa pembeni mwa kioo. Miti ikasogea. Nesi akabaki mdomo wazi. Mimi sikushangaa, namjua aliyekulea.

Kijijini nimechukua siku mbili kwa sababu nimemsalimia kila mtu. "Bibi, hao wamelogwa, hawasikii," nesi ananiambia. "Wamelogwa, hawajafa," nikamjibu, "na salamu haimvunji mtu mbavu." Mhunzi nimemwamsha. Yule mama wa mizinga ya nyuki nimemwamsha, hata asante hakusema, mlevi wa asali yule.

Sasa makosa yako. Moshi unatoka kwenye mapaa na jikoni hakuna sufuria hata moja. Wanapika nini, mawazo? Msitu mzima ule na uwanja hauna jani, nani amefagia na wote wamelogwa? Na yale mashuka uliyoanika kati ya miti miwili, yanadondosha maji na huku yanapepea kama leso. Shuka lililolowa halipepei. Linaning'inia zito, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Umekulia kwa dobi wewe, au nilikuota?

Nikafika nyumba ya mwisho. Nikabisha hodi. Ndiyo, kwa mdomo wangu, mbele ya kioo, nesi akacheka mpaka akakaa chini. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nikageuka nikaondoka, ndiyo adabu. Lakini nikipita nilichungulia dirishani. Kuna bibi mle ndani, umemfanya mnene kuliko mimi, na kitambaa alichofunga kichwani ni changu, usinifanye mjinga. Ameshika ncha mbili za shuka, na ncha mbili nyingine ziko hewani. Hakuna anayezishika!

Mtoto wewe. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, miaka kumi na mitatu umekunja mashuka na mimi hapa uani, ukiyachorachora kwa kidole kabla hayajakauka, ndipo ukapata hilo jina. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kosa la namna gani hilo? Rekebisha.

Bibi yako

28 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima na miwani imekukaa. Kikohozi kimepungua, nimefunika kifua.

Barua yako niliwasomea wenzangu hapa kazini. Wamecheka mpaka mkuu akatoka ofisini kwake kuja kuangalia kuna nini. Sufuria zimewekwa. Majani yamemwagwa uwanjani. Mashuka nimeyatia uzito, sasa yananing'inia kama ulivyosema.

Ila lile la shuka na ncha zilizo hewani si kosa. Nilichora nilichokiona.

Bibi, nilikuja. Mwaka wa tatu tangu niondoke, mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi. Nilikuwa na likizo ya siku tano. Nilisimama nje ya mlango na begi dogo, dirisha lilikuwa wazi nusu, na nilikuona katikati ya chumba umeshika ncha mbili za shuka. Nikabisha hodi. Ulitulia tuli. Nikabisha ya pili, hukugeuka. Ya tatu niliipaza mpaka jirani akatoa kichwa. Kimya.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba hodi tatu bila jibu mtu huondoka, asiwe king'ang'anizi kwenye mlango wa watu. Nikaondoka. Siku zilizobaki nililala nyumba ya wageni, ile ile unayoifulia. Shuka la kitandani nililijua kwa mstari wa pasi. Sikulilalia. Nilililaza upande wa pili nikalala pembeni yake.

Nataka kujua jambo moja tu, na kijiji changu hakitaisha mpaka nilijue. Ulinisikia?

Mjukuu wako,
Kidole

15 Juni

Kidole,

Marahaba. Mimi mzima. Usiniulize kwa nini nimekawia. Kalamu ilikuwepo na karatasi ilikuwepo.

Nilikusikia.

Nilikusikia hata kabla hujabisha. Kiatu chako cha kushoto kinaburuta tangu una miaka sita, nimekusema kwa hilo mpaka nikachoka. Uliposhuka ile ngazi ya mbele kutoka barabarani nikajua ni wewe.

Siku ile unaniaga kulikuwa na mashuka arobaini kwenye kamba na wingu limejaa, na wewe umesimama na begi unaniambia unakwenda kusomea kuchora katuni. Nikasema ukivuka mlango huu usiubishe tena. Nilisema, sikatai. Halafu nikangoja uandike, ili nikujibu nimeyafuta. Hukuandika, eti bibi amekataza. Miaka yote hukuwa msikivu, nikikwambia koroga buluu ya nguo unakoroga sabuni, na utii ukakujia siku hiyo!

Sasa unabisha. Ya kwanza nikasema, ngoja sauti inirudie. Ya pili nikasema, ngoja abembeleze kidogo, na mimi nina heshima yangu hapa mtaani. Ya tatu nikasema, akibisha ya nne namfungulia. Nilikuwa nimeshaachia shuka, Kidole. Liko sakafuni. Mkono uko kwenye komeo. Nasubiri ya nne. Nikasikia kiatu kinaburuta kupanda ngazi.

Nani alikufundisha hodi tatu? Mimi. Nimekaa na hilo miaka minne na sijamwambia mtu, hata nesi.

Na usinichoree uongo. Zile ncha nyingine hazikuwa hewani. Zilikuwa kwenye msumari, ukutani, upande ambao dirisha halionyeshi. Nilipigilia wiki uliyoondoka. Natundika ncha mbili pale, navuta, nakunja, narudi kuzitoa. Shuka moja dakika tano, na bado mkunjo unakwenda upande. Mwenye nyumba ya wageni ameshaniuliza mara mbili kama nina mfanyakazi mpya asiyejua kazi. Nikamwambia ndiyo, na nitamfukuza.

Kuhusu mlango wako. Mwambie mkuu wako asisumbuke kutafuta ufunguo. Nyumba yenye mtu hufunguliwa na aliye ndani. Na kama huyo bibi anasikia hodi na kiburi kinamziba mdomo, basi wale mliowafanya sanamu si kitu, aliyelogwa hasa pale kijijini ni yeye. Mfanye ajibu. Hodi ya kwanza, si ya tatu. Aseme, "Karibu. Umechelewa. Shika ncha ile." Usimwongezee maneno, nitamwona mwongo.

Na umpunguze unene.

Bibi yako

9 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua haijakuharibia kazi na magoti yametulia. Mimi mzima kabisa, kikohozi kimesahau njia.

Barua yako niliisomea ngazini, maana mezani nisingeweza. Sitaandika nililia kiasi gani, utanisema.

Gemu limetoka. Nimeandika maneno yako kama yalivyo. Mkuu alitaka bibi atoe na zawadi, kofia ya dhahabu au upanga, nikamwambia bibi huyu hatoi upanga, anatoa kazi. Sasa huwa nakaa nawaangalia watu wanaocheza. Wanafika pale mlangoni wanaupiga mateke, wanaurushia moto, mmoja aliuangushia jiwe kutoka juu ya paa. Haufunguki. Halafu mtu anachoka, anagusa kimkono cha salamu, na bibi anasema yale maneno. Msafiri anashika ncha ile. Wanavuta, wanakung'uta, anatembea hatua nne kumwendea bibi, ncha zinakutana. Hapo ndipo kijiji kizima kinaamka, na mashuka yote kwenye kamba yanakauka.

Nimempunguza unene.

Ila mimi mwenyewe, Bibi, sijaingia. Natembea kijiji kizima, nafika mlangoni, narudi. Nina likizo kuanzia tarehe ishirini na nane mwezi wa tisa, na begi liko juu ya kabati. Kila nikilishusha najiuliza. Ile karibu uliyoiandika, ni ya msafiri wa kwenye gemu, au ni yangu?

Mjukuu wako,
Kidole

1 Septemba

Kidole,

Marahaba. Mimi mzima, ila umenipandisha presha. Kusoma kote huko na bado ni mjinga hivyo? Msafiri wa kwenye gemu mimi namjulia wapi? Nimemlea? Nimemsuka nywele? Hiyo karibu ni yako. Ilikuwa yako tangu kabla hujafika ngazini.

Mimi niliingia jana kwenye hiyo nyumba yako. Nikabisha, yule bibi akanijibu, nikashika ncha. Ananivuta kwa nguvu kama ana ugomvi na mimi. Tulipofika karibu nikamwona uso, ni wangu. Nikaiweka tableti chini nikaenda kuchota maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Sikiliza sasa, sitaandika mara mbili. Chumba chako kitupu. Nesi amehamia cha mbele, chenye jua, nimemwambia ni kwa faida ya afya yake, na yeye ni nesi, amejifanya ameamini. Kitanda kimetandikwa. Shuka lina mstari wa pasi katikati, na safari hii ulilalie, halitakuuma.

Msumari nimeung'oa leo asubuhi. Umeacha tundu ukutani, usiniletee rangi ya kuziba, liache.

Maana yake sasa siwezi kukunja kitu. Mashuka ya nyumba ya wageni nayapeleka yakiwa yameviringwa kama vifurushi, na mwenyewe ananung'unika. Nimemwambia mfanyakazi anayejua kazi anafika mwezi huu. Usinitie aibu.

Ukishuka ile ngazi bisha moja tu, na nitakujibu hata hujaimaliza. Lakini masikio yangu si yale ya zamani, na pengine nitakuwa uani na maji yanamwagika. Kwa hiyo ukibisha mara tatu ukasikia kimya, nisikilize vizuri, yale niliyokufundisha utotoni yafute. Usigeuke. Weka begi chini.

Bisha ya nne.

Bibi yako