Mwanaharusi wa Ukurasa wa Tisa

Jumatano, 8 Februari 2017

Lifti ya jengo letu hapa Doornfontein imekufa tena. Nimepanda ghorofa nne na viatu vya kubana, nimefika ofisini kwa jarida letu nikimtukana fundi kimoyomoyo. Mswada mmoja tu leo — lakini mzuri! Ni wa Placide, yule Mkongo wa Bukavu anayesomea uzamivu wa lugha huku analinda geti huko Randburg. Ameandika jinsi wasusi wa mtaa wa Yeoville wanavyobadili lugha kufuatana na kichwa kilicho mbele yao. Kizulu kwa huyu, Kifaransa kwa yule, Kiswahili wakitaka kumsengenya mteja. Nimecheka peke yangu.

Kazi yangu, mimi mhariri msimamizi, ni kumficha mwandishi kabla mswada haujaenda kwa wahakiki. Wao wasimjue, naye asiwajue. Wa kuwajua wote ni mimi. Nimefuta jina la Placide, nimefuta na shukrani kwa mke wake. Halafu nikakuta msusi wake mkuu amemwandika kwa jina lake halisi, Falonne, na mtaa, na namba ya saluni! Mama wa watu makaratasi yake ya kuishi nchini yenyewe hayajakaa sawa. Nikafuta haraka, nikaweka Mwanaharusi. Ndilo jina lililonijia. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari, mtu wa Lamu aliyepangiwa Meru, akalalamikia baridi miaka yote minne. Nitamwambia Placide kesho.

Ijumaa, 10 Februari 2017

Mhakiki wa kwanza, Gaston wa Bujumbura, amekubali. Wa pili — watatu wamekataa, mmoja hata salamu hakujibu. Profesa Mselem, mhariri wetu mkuu, anataka majina leo leo. Nimempa Kipkoech.

Ndiyo, Kipkoech wangu. Mada anaijua, hayo ndiyo anayofundisha chuoni. Fomu ya ofisi ina swali: mhakiki ana uhusiano wowote na mtu wa jarida? Wazee wake wanatoka Kapsabet Desemba kuja kwetu kuniposa, na mimi nimeandika "hapana". Kisanduku kimoja tu. Profesa ametia saini bila kusoma.

Placide sijamwambia habari ya jina. Naandika hapa nisisahau.

Jumanne, 16 Mei 2017

Placide amekuja, bado na sare ya ulinzi, kofia mkononi. "Maman, niko nauliza tu. Article yangu iko na habari?" Nikamwambia mhakiki mmoja bado. Chuo chake hakipokei tasnifu mpaka awe na makala moja iliyokubaliwa, na kibali chake cha masomo kinaisha mwisho wa Septemba. Hakulalamika. Aliuliza kama huyo mhakiki ni mgonjwa, amuombee.

Nimeona aibu! Mhakiki mwenyewe nilikuwa naye jana, anakula chapati zangu. Gaston alirudisha ripoti yake Machi. Nimemkumbusha Kipkoech, amesema eish, Kawira, usiniletee ofisi nyumbani.

Na habari ya jina tena nimesahau.

Alhamisi, 1 Juni 2017

Ripoti ya Kipkoech imekuja. Kurasa mbili, kali. Data finyu, hoja haijaiva, ushauri wake: ikataliwe. Gaston alisema ichapishwe karibu ilivyo. Wakigongana hivi, Profesa angepaswa kutafuta wa tatu. Lakini toleo limejaa, na alinong'ona kuwa huyu wa pili ni mtu makini. Akaikataa makala. Mhariri mkuu huamua, mimi huandika barua. "Tunasikitika kukuarifu." Nimeiandika mara mia, leo mkono ulikuwa mzito.

Nilimuuliza Kipkoech kama kweli ilikuwa dhaifu kiasi hicho. Akasema kila mtu na kazi yake, mpenzi. Akanibusu kwenye paji la uso.

Jumamosi, 12 Agosti 2017

Asubuhi, kwa Kipkoech, Randburg. Ametoka kununua nyama ya kuchoma, mimi nimebaki na kompyuta yake. Ana makala ya kupeleka kwa jarida moja la Nairobi, siku ya mwisho Jumatano, na mimi ndiye wa kumnyooshea marejeo. Miaka minne sasa namnyooshea. Nilikuwa najisikia vizuri, jua kwenye balkoni, chai ya tangawizi.

Makala inahusu wasusi wa Yeoville. Nikajiambia, basi, mada ni ya kila mtu. Ukurasa wa tatu, wa tano, sawa. Ukurasa wa tisa: "Mwanaharusi, msusi mwenye saluni, anaeleza hivi..."

Nimesoma mara tano.

Mwanaharusi hayupo! Hakuna Mwanaharusi Yeoville. Jina hilo nililitunga mimi, mezani kwangu, Februari, na likaenda kwa watu wawili tu duniani, Gaston na Kipkoech. Hata Placide halijui. Na maneno yaliyofuata ni ya Falonne, neno kwa neno, hadi kile kicheko chake cha mwisho.

Amerudi na nyama. Nimemwambia kichwa kinaniuma, nitamalizia kwangu, nikaenda zangu na makala yake kwenye flash. Nilishindwa kuvuka barabara. Robot, taa ya barabarani, iliwaka kijani mara tatu, nimesimama tu na mkoba wangu.

Jumapili, 13 Agosti 2017

Nimerudi kwake baada ya kanisa. Nilitaka anipe njia yoyote ya kumwamini. Aseme alipitiwa, aseme alichanganya mafaili. Ningekubali chochote, Mungu ananiona.

Nikauliza kwa upole, nikimenya viazi: huyu Mwanaharusi ni nani, mbona sijawahi kumsikia?

Hakusita hata kidogo. Ah, yule mama! Mnene mnene, anatoka Bukavu, ana mwanya, anacheka hadi kitana kinamtoka mkononi. Alikwenda kwake Jumamosi tatu mfululizo. Mama yule alimpa soda. Siku moja atanipeleka anisuke.

Alikuwa ananitazama machoni. Macho yaleyale anayoniambia nayo kuwa ananipenda.

Nimemaliza kumenya viazi. Vyote. Hata vilivyokuwa vya Jumatatu.

Jumatatu, 14 Agosti 2017

Sikwenda kazini. Nimelia hadi jirani akagonga ukuta. Nampenda. Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: nampenda, na leo mchana nimepanga namna ya kunyamaza. Ni rahisi sana. Ushahidi uko kwangu peke yangu; hata Gaston hajui kuwa jina ni la kubuni. Nikiufuta ule mswada niliousafisha, Mwanaharusi atabaki kuwa mama mnene wa Bukavu mwenye mwanya, basi. Wazee watakuja Desemba, tutaoana. Placide atarudi kwao, na atadhani hakuwa na akili ya kutosha.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Jumanne, 15 Agosti 2017

Nimeandika barua kwa Profesa Mselem. Nimeanza na makosa yangu, maana bila hayo haisomeki. Kwanza: nilibadili maneno ya mwandishi bila kumuuliza — mhariri msimamizi huuliza, hajitungii. Pili: nilimpa mchumba wangu kazi ya kuhakiki nikaandika "hapana" kwenye fomu. Ndipo nikaeleza ukurasa wa tisa. Nimeambatisha miswada yote mitatu: wa Placide, niliousafisha, na wa Kipkoech.

Nimeandika jina lake kamili. Nimelifuta, nimeliandika, nimelifuta. Hatimaye limekaa. Kazi hii nitaipoteza, najua. Mama hajui kitu, amepiga leo kuuliza rangi ya sare za shangazi zangu. Nimesema kijani.

Jumatano, 16 Agosti 2017

Barua iko mezani kwa Profesa, ndani ya bahasha. Yuko Pretoria kikaoni, anarudi saa tisa. Sasa ni saa nane na nusu.

Kipkoech ametuma ujumbe mara sita tangu asubuhi. Makala iko wapi? Nairobi wanafunga leo! Sijajibu. Mara mbili nimekwenda mlangoni kwa Profesa kuichukua bahasha. Mara ya pili niliishika.

Placide amekuja kuaga. Amefunga mizigo, hakungoja hata Septemba. Ameniletea vitumbua vya mkewe Léocadie kwenye bakuli la plastiki, anasema asante kwa subira yangu. Yangu mimi! Anasema labda ule utafiti ulikuwa mdogo kweli, na ile barua ilikuwa ya heshima. Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia akae.

Sikumtaja mhakiki. Hiyo siri si yangu kuitoa kabla Profesa hajasoma. Nimemwambia lililo langu: kwamba nilimfuta Falonne kwenye mswada wake bila ruhusa, nikaweka jina la kubuni, na naomba msamaha. Akasema mbona hiyo kitu kidogo, Maman, ulimulinda, hata mimi ningepaswa kumulinda. Jina gani?

Nikamwambia.

Alinitazama kwanza kama hajasikia. Kisha akaanza kucheka. Mkongo wa Yeoville aitwe Mwanaharusi! Sijawahi kumwona akicheka, tangu Februari ni kofia mkononi na macho chini. Nami nimecheka, machozi yananitoka, akadhani ni kicheko tu.

Simu imelia tena. Kipkoech yuko chini, amepaki vibaya, nishuke na flash, chap chap.

Nimeandika: Panda. Lifti imepona.

Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Najua. Nataka amwone huyu mtu japo mara moja, ana kwa ana, kabla ya saa tisa. Na mimi nimwone akimwona. Bado kuna kipande changu kinachosema ataingia, ataanguka kwenye kiti na kusema, Kawira, nimekosa. Nakionea huruma kipande hicho.

Naandika huku Placide akifungua vitumbua. Amesikia lifti inaguna, anauliza ni mgeni wangu? Nimesema ni mchumba wangu. Amefurahi! Ameinuka, amefuta kiti kwa mkono wake, anasema ngoja nitamwambia na yeye, acheke kidogo. Anarudia kulijaribu lile jina mdomoni, Mwanaharusi, Mwanaharusi wa Yeoville, na viatu vya Kipkoech ninavyovijua vimeshatoka kwenye lifti, vinakuja