Mbuzi wa Bakari

Msambweni, Ijumaa, 1964

Sikuitaka sadaka hii. Lakini mama aliweka nadhiri kwamba nikirudi salama kutoka vitani Aden, atawapikia wali watoto wa chuo cha Kurani.

Asubuhi mama yake Bakari alikuja kutoka Gazi akivuta mbuzi aliyemfuga kwa nadhiri kama hiyo. "Wangu hakurudi," aliniambia. "Mchinjeni kwa ajili yako, mwanangu."

Bakari alikuwa rubani wa ndege ya kivita ya Waingereza huko Aden. Fundi wake nilikuwa mimi. Siku ile niliikagua ndege, nikamfunga mikanda, akaruka, ndege ikaanguka. Kikosini walisema sina kosa. Mimi sijui.

Akinipakulia maini, mama yake Bakari aliuliza ni nani aliyeikagua ndege ya mwanawe.

Nikasema ni Mzungu mmoja.

"Mungu amsamehe," alisema, akaniongezea nyama.